Majina ya Pembeni

Simaloi amekusanya data kwa miaka kumi na tisa, na hakuna ripoti hata moja iliyotaja jina lake. Tunaotajwa ni sisi wa ofisini. Mimi ni Reginald, mchambuzi wa takwimu, na ubaya aliotendewa dada huyu niliutenda mimi, kwenye kompyuta, huku nikinywa chai.

Anakaa mjini, mtaa wa Daraja Mbili, ila kwao ni kijijini, magharibi ya Mlima Meru. Kampuni yetu ilimpenda kwa hilo: anaongea Kimasai, anajua njia, halalamiki. Mwaka juzi tulipewa kazi ya kulinganisha vijiji viwili. Chenye watoto wengi zaidi ndicho kingejengewa zahanati, na kimoja kilikuwa cha kwao. Mdogo wake, Naisula, anaishi pale. Kutoka kwake hadi hospitali ni saa mbili kwa pikipiki, mvua isiponyesha.

"Mdogo wangu, safari hii tunaipata," Simaloi aliniambia, meno yote nje. Angeweza kuongeza watoto hewa. Hakuongeza hata mmoja.

Swali la kumi na nne kwenye dodoso, ile karatasi ya maswali ya kila kaya, liliuliza: una watoto wangapi walio hai? Mbele yake palikuwa na kisanduku cha namba. Sasa, kwao mama hahesabu watoto wake. Kutaja idadi ya walio hai ni kukiita kifo. Ukimuuliza atakutajia majina, mmoja baada ya mwingine, basi. Simaloi naye amelelewa hivyo hivyo. Aliandika majina yote pembeni mwa karatasi, kwa mwandiko mzuri kabisa, na kisanduku akakiacha wazi. Aliamini kuwa mtu wa ofisini, asiye na mwiko huo, atahesabu mwenyewe. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Sikuhesabu. Walioingiza data waliingiza kilichomo kisandukuni tu. Nilipofungua faili nikakuta kaya mia moja na kumi na nane hazina jibu. Tulivyofundishwa, rekodi pungufu unaziondoa, unaandika sentensi moja kwenye ripoti, unaendelea na kazi. Nikaziondoa. Zikabaki kaya ishirini na sita, za walimu, wenye maduka na wageni, wenye watoto wawili wawili. Madodoso yenyewe yalikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti changu. Zahanati ikaenda kijiji cha pili, kilicho jirani na lami. Ripoti yangu ilisifiwa kwa usafi wa data, na mimi mpumbavu nikavimba kichwa.

Simaloi alikuja kuniuliza.

"Kwani majina hukuyaona?"

"Hayakuwa kwenye kisanduku, dada."

"Si ungenipigia simu?"

Namba yake ninayo mpaka leo. Akaondoka zake.

Mwaka huu, mwezi wa nne, mtoto wa mwisho wa Naisula, Lesian, alishikwa na nimonia. Alikuwa na miaka mitatu. Pikipiki ilikwama kwenye tope kabla ya kufika barabara kubwa, wakatembea. Alifia mgongoni mwa mama yake.

Wiki mbili baada ya mazishi Simaloi akaingia ofisini. Nilimwamkia, nikampa pole. Hakuyataka hayo. Alitaka dodoso la nyumba ya mdogo wake. Nikalitoa kabatini. Pembeni palikuwa na majina matano, la mwisho Lesian. Chini yake lilikuwepo swali la kumi na tano: watoto wangapi wamefariki? Hapo, siku ile, Simaloi alikuwa ameandika sifuri.

Akachukua kalamu mezani kwangu. Akaikata ile sifuri, akaandika moja, kubwa, katikati ya kisanduku, kisha akanisogezea karatasi.

"Huyu sasa anahesabika," alisema. "Haya, ingiza."