Mkono Mfukoni

Siku hizo nilikuwa fundi wa kushona nguo mjini Thika, kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja. Nilikaa Ruiru na mke wangu na watoto wetu wawili, katika chumba kimoja kilichopakana na mashamba ya kahawa. Asubuhi mke wangu alienda kuchuma kahawa, nami nikapanda basi la Thika. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni na wote waliowasaidia. Mkikuyu hakutoka kwake bila pasi, kijitabu chenye picha na alama ya kidole, na juu ya hiyo mimi nilibeba barua ya tajiri ya kusema kwamba ninamshonea.

Kilichonipata kilianza siku ya msako. Askari walizunguka soko, wakatukalisha chini wanaume wote, mikono kichwani. Tulipitishwa mmoja mmoja mbele ya mtoa habari wa serikali aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akiinamisha kichwa, unapandishwa lori la kwenda kizuizini. Asipokiinamisha, unaachiliwa. Nilisimama mbele yake kwa muda ambao hata leo siwezi kuukadiria. Niliyaona macho yake yakinitazama, mekundu kidogo, kama ya mtu mwenye mafua. Hakuinamisha kichwa. Askari akanirudishia pasi na kuniambia, "Nenda kazini." Nikaenda, nikashona kaptura za shule mpaka saa ya kufunga, na jioni nikamwambia mke wangu kwamba nimepita salama.

Yapata juma moja baadaye, nikiwa ndani ya basi, moyo ulianza kwenda mbio bila sababu. Nikagusa mfuko wa shati. Pasi ilikuwapo. Moyo ukatulia kidogo, kisha wazo likanijia kwamba huenda nilichogusa ni barua tu, nikagusa tena. Tangu siku hiyo mkono wangu haukuwa wangu. Niligusa kwenye kituo, nikagusa darajani, nikagusa nikiwa nimekaa kwenye cherehani, mshono mmoja, mfuko, mshono mmoja, mfuko. Nyumbani niliifungua pasi kitandani na kuisoma namba, nikihofia kwamba imebadilika. Nilijua ni upuuzi. Kujua hakukunisaidia kitu.

Chakula kilinikataa. Mke wangu alipakua githeri ya mahindi na maharagwe, na mimi nikazungusha mahindi kwenye sahani mpaka yakapoa. Usingizi ulikuja kidogo ukaondoka. Na sikumwambia mtu, kwa sababu niliona aibu. Jirani yetu wa mlango wa pili alipandishwa lori siku ileile, na mkewe hakujua alipelekwa wapi. Mimi niliambiwa niende kazini. Ningelalamikia nini?

Mama wa tajiri wangu, bibi mzee wa Kihindi aliyeshinda dukani akichambua vifungo, ndiye aliyeona kwanza. Alikuja barazani na blauzi mkononi.

"Fundi, hii blauzi iko na mikono mbili ya kushoto."

Nikaitazama. Ilikuwa kweli.

"Wewe iko mgonjwa," akasema.

"Hapana, mama. Ni uchovu tu."

"Uchovu iko ya siku moja. Hii iko ya mwezi nzima. Ambia bibi yako."

Sikumwambia. Jumatatu iliyofuata basi lilikuja, mlango ukafunguliwa, na miguu yangu ikakataa kupanda. Kondakta aliniita, kisha akapiga ubavu wa basi wakaondoka. Nilitembea mpaka kwenye mibuni karibu na mto, nikakaa chini yake kutwa nzima. Jioni nilirudi nyumbani kama mtu anayetoka kazini, na mke wangu akaniuliza habari za Thika. Nikamwambia ni nzuri. Jumanne nikafanya vivyo hivyo.

Jumatano nyapara aliwahamishia wanawake upande ule wa mto. Nilisikia majani yakisukumwa, nikashika mfuko, na aliyetokea alikuwa mke wangu, kikapu kimefungwa kiunoni. Akakaa chini karibu nami.

"Baba, umefutwa kazi?"

"La."

"Kuna jambo umefanya?"

"Sijafanya jambo."

"Basi nini?"

Nikamweleza, vibaya vibaya, nikianza katikati. Mkono, moyo, basi. Alisikiliza huku akiokota punje za kahawa zilizodondoka. Mwisho nikasema, "Siku nyingine nafikiri, nisingeamka asubuhi, ningepumzika."

Akaacha kuokota. "Hilo umelifikiria mara ngapi?"

"Mara nyingi, siku hizi."

Akafungua kikapu kiunoni. "Inuka twende kwa dresa."

Dresa alikuwa mhudumu wa zahanati, anayefunga vidonda na kutoa dawa. Nilikataa. Alikuwa mtu wa serikali, nikasema, na serikali ikisikia ninaogopa itauliza ninaogopa nini. Au ataandika kwamba nina wazimu nipelekwe hospitali ya wendawazimu Nairobi.

"Aandike," akasema. "Afadhali nikuone kwenye karatasi ya wagonjwa kuliko nisikuone kabisa."

"Na nyapara je?"

"Kahawa atachuma mwenyewe."

Dresa alikuwa mtu mnene kutoka upande wa ziwa, asiye na haraka. Alinisikiliza kifua mbele na nyuma. "Moyo ni mzima," akasema, na mimi, ajabu, nikavunjika moyo, kwa kuwa nilitaka ugonjwa wenye jina. Lakini hakunifukuza. Aliuliza ilianza lini, ninalala saa ngapi, kama nimewahi kutaka kufa. Aliliuliza hilo kama anayeuliza habari za kikohozi. Mke wangu ndiye aliyejibu.

"Sikiliza," akaniambia. "Wewe uliondoka sokoni. Mwili wako bado umekaa pale chini, mikono kichwani. Haujui kwamba umeachiliwa. Huo si wazimu, wala si hatia. Lakini ungekuja ulipoanza kukosa usingizi. Usingengoja mpaka ushindwe kupanda basi."

Alinipa dawa ya usingizi ya siku chache, na chupa akamkabidhi mke wangu. Aliniambia pasi niitazame mara moja tu asubuhi, mke wangu aione pia, kisha mfuko ufungwe kwa kifungo. Mkono ukienda, nishike shati juu ya kifungo na kupumua polepole mara kumi. Na nije kila Alhamisi, siku ambayo daktari mwenyewe hupita, hata nikijisikia vizuri.

Mke wangu alinisindikiza mpaka mlangoni mwa basi kwa majuma mawili. Siku ya kwanza nilikuwa na hakika nitafia njiani. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vidole vya miguu. Basi likavuka daraja, likafika Thika, nami nikashuka mzima, nimechoka kama niliyelima. Bibi mzee alikuwa amekwisha kuihamisha cherehani yangu ndani ya duka, mgongo ukutani, ili nisishinde nikiitazama barabara. Alinipa tu ile blauzi niifumue.

Haikuisha upesi. Kuna Alhamisi niliyokaa kwenye benchi na kumwambia dresa kwamba juma zima limekuwa baya, naye akasema, "Vizuri umekuja kusema." Mahindi tuliyokuwa tumepanda nyuma ya chumba yalikomaa na kuvunwa kabla sijaanza kumaliza sahani ya chakula. Hata hivyo siku za kuhesabu pumzi zilipungua, na lile wazo la kutoamka likaacha kunitembelea.

Jumapili moja tulikuwa tukitoka kanisani, watoto wametangulia. Nikamwambia mke wangu kwamba jana nilikuwa nimeshona kutwa nzima bila kugusa mfuko. Alifurahi. Kisha akaweka kiganja kifuani.

"Mimi kila jioni," akasema, "pumzi hunikwama hapa mpaka nisikie miguu yako mlangoni. Tangu siku ile ya soko."

Nilisimama. Miezi yote hiyo alikuwa amenibeba, na mimi sikuwahi kumuuliza swali hata moja.

"Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye uliyekuwa mgonjwa."

Alhamisi iliyofuata tulikaa wawili kwenye benchi ya zahanati. Dresa alipofungua mlango nilimwambia amwite mke wangu kwanza.