Matanga ya Mbu Wangu

Kwa miaka kumi na mmoja mkono wangu wa kushoto ulikuwa mali ya serikali. Kila asubuhi niliuingiza kwenye vizimba vya mbu, katika kituo cha utafiti hapa nje kidogo ya Chipata, wakanywa mpaka matumbo yakawa mekundu, nikautoa, nikaenda kujikuna. Aliyenichagua ni Daktari Kapambwe. Aliwajaribu kwanza wasichana wenye vyeti, wakapiga kelele. Mimi sikuwahi kukaa darasani hata siku moja, ila kutulia huku nikinyonywa nilikuwa nimeshajifunza kwa mume.

Mume huyo, Mateyo, aliondoka akisema nalisha mbu kabla sijamlisha yeye. Akahamia kwa muuza pombe wa njia panda. Naambiwa amenenepa. Sijauliza.

Madaktari waliandika vitabu kuhusu kazi ile. Nilisomewa orodha ya wanaoshukuriwa: wao, wake zao kwa uvumilivu, na mbu kwa jina lao refu la kitaalamu. Mkono haukutajwa.

Mbu wale hawakuwa wa hivi hivi. Bibi wa bibi zao walizaliwa humohumo vizimbani, hawakuwahi kuonja dawa wala damu ya mgonjwa. Kwa hiyo kila chandarua kipya chenye dawa kililetwa kwao kwanza. Kizuri kiliwaua. Kisichoweza kuwaua hata wao, walaini namna ile, hakikuwa chandarua, kilikuwa pazia. Binti yangu Tilele alikufa kwa malaria akiwa na miaka minne, amelala ndani ya pazia. Hilo silisimulii zaidi.

Sasa Jumatatu moja ikaja barua. Serikali ya ng'ambo iliyokuwa ikitoa fedha ilikuwa imebadilika, ikafunga mkono. Yetu nayo ilikuwa na mawaziri wapya: wakawahamisha mbu kutoka wizara ya afya kwenda wizara nyingine, wakawarudisha, halafu wakaamua kazi zote zisimame. Daktari Kapambwe akakunja koti lake jeupe.

"Mama Zelesi, nenda nyumbani."

"Na watoto?"

"Watoto gani?"

"Hawa wa vizimbani."

"Waache tu. Baada ya siku chache watakwisha wenyewe."

Akaniachia ufunguo ili nifagie. Kosa lake hilo. Wiki tano nilikunywa chai bila sukari ili wao wapate maji matamu, nikawasagia viluwiluwi dagaa wa mboga yangu, na mkono nikawapa kama kawaida. Majirani wakaimba, "Zelesi kaachwa na mume, kaolewa na mbu!" Waimbe. Mvua zilikaribia, vyandarua vipya vilikuwa njiani, na hapakuwa na mbu wengine wa namna ile wilaya nzima wa kuvipima.

Ndipo akaja Musonda, ofisa kutoka Lusaka, pampu ya dawa mgongoni, gari limejaa vyandarua vya kugawa Ijumaa. Kwa lafudhi tu nilimjua ni Mbemba. Mimi Mngoni. Sisi ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana: wao tunawaita wala nyani, sisi wanatuita wala panya.

"Nani humo ndani?"

"Mwenye nyumba. Wewe mla nyani umetumwa na nani?"

Alicheka kabla hajajizuia. "Kumbe mla panya! Haya toka, mama. Nina amri. Napuliza, nafunga, naondoka."

"Unaniulia watu wangu?"

"Mbu hao!"

"Nimewanyonyesha mwenyewe. Basi hapa pana msiba wa Mngoni, na wewe ni mtani. Tangu lini mtani akafika msibani akaanza na kaburi? Chota maji kwanza. Fagia."

Kwetu mtani ndiye anayehudumu msibani, na akikataa, habari humfikia mama yake kabla yeye hajarudi. Musonda akamtazama dereva, dereva akatazama mawingu. Pampu ikashuka, ndoo ikapanda.

"Sasa sanda," nikasema alipomaliza.

"Sanda gani tena?"

"Vyandarua vyote hivyo, unataka niwazike uchi?"

Akanitupia kimoja. "Zika upesi, nina safari."

"Wangoni hatuziki siku hiyohiyo. Marehemu hulala ndani. Rudi asubuhi."

"Mla panya wewe una maneno!" Akaenda zake nyumba ya wageni.

Nikakata kipande cha sanda, na kipande cha chandarua cha zamani nilichojua kinaua. Nikawagusisha mbu ishirini huku, ishirini kule, dakika tatu, kama nilivyofanya mara elfu. Kisha kila kundi na chupa yake, wapate maji ya sukari na kungoja.

Asubuhi nilimpa chupa zote mbili. Ya kushoto, miguu juu wote. Ya kulia, wanaimba.

"Hawa wazima wamegusa nini?"

"Sanda yako."

Akaitikisa chupa. Wakaruka. "Labda umekosea."

"Basi turudie, ukate mwenyewe. Au puliza. Ukishapuliza hatajua mtu."

Akakaa kwenye ndoo yake. "Juzi nimemwachia mke wangu viwili vya hivi. Ana mimba."

Nilimwambia avitumie kuchujia togwa. Akapulizia dawa barazani mpaka pakanuka hadi barabarani, wakubwa wakiulizia wasikie harufu, kisha akapanda basi, akazipakata chupa mbili mpaka Lusaka. Gari la vyandarua ghafla likaharibika, na Ijumaa halikutoka.

Wiki mbili baadaye amri ikaja: vyandarua vile visigawiwe, vitafutwe vingine. Musonda mwenyewe alinisomea karatasi. Imeandikwa "ofisa mmoja makini" ndiye aliyegundua. Mkono haukutajwa. Mshahara nao haujarudi, na kituo kwenye makaratasi kimefungwa.

Lakini yeye huja na vipande vya vyandarua vingine mfukoni, na sukari, na maji huchota bila kuambiwa. Juzi nilimwambia mkono wangu umechoka, atie wake. Akautia. Alipiga yowe la kumwamsha dereva garini.

"Tulia, ofisa makini," nikamwambia. "Ndiyo kwanza wanaonja nyani."