Kurasa Kumi na Moja za Mkunga

Pale kwenye duka la kuchapa barua walimwita Mama Hifadhi, na jina lilimkaa. Kila alipoweka nukta, kidole kidogo cha kushoto kilibana kitufe cha Kontroli, cha pili kikagusa S, kazi ikahifadhiwa. Miaka kumi na tisa vidole vilikwenda hivyo, kama mtu anavyopumua.

Jumatatu alikuja mkunga mstaafu, macho yake yamefifia, akaketi kando yake na kumsimulia maisha yake ya kazi. Hapakuwa na karatasi ya kunakili. Mama Hifadhi alifungua faili jipya, akaandika kichwa cha habari, akalipa jina na kulihifadhi kwa kipanya. Mkunga alisema, Mama Hifadhi akachapa, hata zikatimia kurasa kumi na moja. Wakati wa kufunga, kompyuta ikauliza kama ahifadhi. Mashine ile kuukuu ilikuwa na mazoea ya kuuliza hata kazi ikiwa imekwisha kuhifadhiwa, naye alikwisha kuichoka. Akabonyeza Hapana.

Jumanne akafungua faili, akakuta kichwa cha habari peke yake.

"Mama, umri huo," alisema mwenye duka, ambaye ni wa rika la mwanawe wa tatu. "Kazi ya mkunga isipopatikana leo, utahamia fotokopi. Kiti hiki nitampa mwingine."

"Niache nitafute, bosi."

"Utatafuta nini? Kilichopotea kimepotea."

Akampigia mkunga simu, akamwomba asimulie upya. Mkunga akacheka. "Shoga, mtoto yule yule hazaliwi mara mbili. Niliyoyasema nimeyasema."

Mama Hifadhi akasema sala yake fupi, akaanza. Alichapa mstari mmoja, akabana vitufe vyake, akatazama saa ya faili, ile inayoonyesha lilihifadhiwa lini mara ya mwisho: haikubadilika. Akahifadhi kwa kipanya, kupitia menyu: ikabadilika. Kumbe kuhifadhi mashine inajua. Ni ile amri ya vitufe iliyokuwa ikinyang'anywa njiani. Nani mnyang'anyi?

Alikuwa amelea watoto saba. Kelele zikizuka chumbani na kila mmoja anaapa si yeye, hakugombeza mtu. Aliwatoa nje mmoja mmoja. Yule ambaye akitoka kelele zinakoma, ndiye. Basi akafanya vivyo hivyo. Akafunga programu ya muziki, akajaribu: bado. Akafunga kamusi: bado. Pembeni, karibu na saa, palikuwa na alama ya kamera ndogo, imetulia kama isiyojua lolote. Akaifunga. Vitufe vikahifadhi. Akaifungua tena, vikagoma.

"Bosi, huyu mgeni ni wa nani?"

Mwenye duka akainama, akatazama, akakuna shingo. "Hiyo ya kupiga picha skrini. Niliiweka Jumamosi, kwa ajili ya fomu za wateja. Nikaichagulia vitufe vinavyofikika upesi."

"Ulichagua vizuri, mwanangu. Ila vilikuwa na mwenyewe."

Mwenye duka akavuta kipanya ili aibadilishie vitufe, ndipo Mama Hifadhi akamshika mkono.

"Ngoja. Kila nikivibana, inapiga picha?"

"Ndiyo."

"Na picha zinakwenda wapi?"

Akamfungulia folda. Zilikuwa picha mia mbili na kumi na nne, na karibu zote za kazi ya mkunga, nukta baada ya nukta: mapacha wa kwanza, taa iliyozimika, mama aliyekataa kulala kitandani. Hakuna sentensi iliyokosekana.

Akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini, akavaa miwani, akachapa upya akisoma kwenye picha. Saa kumi alasiri akamaliza. Habari ya fotokopi haikutajwa tena.

Alipofunga, kompyuta ikauliza kama kawaida yake. Akatazama kwanza saa ya faili, kisha akabonyeza Ndiyo.

"Si ulikwisha hifadhi?" aliuliza mwenye duka, amesimama nyuma ya kiti.

"Nimehifadhi."

"Sasa?"

"Imeuliza kwa adabu," alisema, akichukua mkoba wake. "Nami nimeijibu kwa adabu."