Dirisha la Dawa na Neno "Utazoea"

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa trei, kijiko bapa na onyo. Trei ilikuwa ya plastiki, yenye mfereji upande mmoja: unamwaga vidonge, unavisukuma vitano vitano kwa kijiko hadi mferejini, kisha unavimimina kwenye bahasha ndogo ya mgonjwa. Onyo lilitoka kwa Inchaji, mkuu wa zahanati yetu ya Muhuru Bay, mzee mfupi ambaye koti lake jeupe lilikuwa limeshageuka rangi ya chai.

"Wewe ni mtoaji dawa, si muuza njugu," aliniambia. "Hesabu mara mbili. Hesabu ya kwanza ni ya mkono, ya pili ni ya dhamiri."

Alikuwa anamfundisha samaki kuogelea. Nimelelewa sokoni Ndhiwa, nyuma ya mafungu ya viazi vitamu ya mama yangu, na mtoto wa soko anajua kwamba fungu la viazi vitano mara nyingi lina vinne na kipande.

Vijana mnaosomea famasia leo mna mashine ya kuchapa lebo. Sisi tuliandika kwa kalamu. 1x3 ilikuwa kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Amitriptilini tuliwapa wenye sonona, ugonjwa ambao pale ufukoni waliuita tu "mawazo", na kwenye bahasha tuliandika: 1 usiku. Usiku, kwa sababu inaleta usingizi. Mengine ambayo dawa ile huleta hatukuyaandika. Bahasha ilikuwa ndogo.

Mama Awuor aliuza omena, dagaa wa ziwani. Tangu ajifungue mtoto wake wa mwisho alikuwa halali, hali, wala hatandazi nyavu zake za kuanikia. Inchaji alimwandikia amitriptilini, na wiki ya pili akarudi dirishani kwangu.

"Daktari," alisema, maana pale kila aliye nyuma ya dirisha ni daktari, "dawa yako imenikausha mdomo. Ulimi unashika meno."

"Na usingizi?"

"Usingizi naupata. Lakini mdomo ndio duka langu. Mteja akitaja bei, nikitafuta mate ya kumjibu, ameshahamia kwa jirani."

"Kunywa maji. Utazoea."

"Nipunguzie basi. Nimeze nusu."

"Nzima."

"Nusu, na siku ya soko nisimeze kabisa."

"Nzima, kila siku, Mama."

"Wewe hushuki hata kidogo," alisema, akamwaga vidonge kiganjani na kuvihesabu palepale, mara mbili. Nilimpenda kwa hilo. Kumrudisha kwa Inchaji apunguziwe dozi, hapana, sikufikiria. Foleni ilikuwa ndefu na neno "utazoea" lilikuwa fupi.

Nilihamishwa kwenda Ndhiwa, ambako nusu ya wagonjwa walikuwa shangazi zangu na wote walitaka kuruka foleni, kisha nikapelekwa hospitali moja kubwa upande wa Homa Bay. Kote nililibeba lile neno. Jasho? Utazoea. Kichefuchefu? Utazoea. Lilikuwa dawa pekee ambayo haikuwahi kuisha stoo.

Huko Homa Bay ndiko nilikougua mimi. Aliyegundua ni mume wangu, Baba Otieno, mwalimu wa hesabu. Jioni moja nilileta samaki, mbuta wa wastani.

"Umemnunua kwa bei gani huyu?"

Nikamtajia.

"Na muuzaji alianza kukuambia ngapi?"

"Hiyohiyo."

Aliweka kisu chini. "Mama Otieno, umelipa bei ya kwanza? Kesho tunaenda hospitali."

"Hospitali ndiko ninakofanya kazi."

"Kesho utaingilia mlango wa wagonjwa."

Daktari alinianzishia sertralini, dawa nyingine ya sonona. Wiki za kwanza tumbo lilichafuka, na nilitoka jasho kama mtu anayesonga ugali wa harusi. Karibu wiki ya sita nilibishana na muuza nyanya hadi akaniomba niende kwa mwingine, na Baba Otieno, aliyekuwa amebeba kikapu nyuma yangu, akacheka mpaka akalazimika kukaa. Nasema wazi ili mtu asije akatupa vidonge vyake kwa sababu yangu: dawa ile ilinirudisha.

Ila ilinirudisha na ushuru wake. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu aliyepitisha kijiko bapa juu ya moyo wangu akausawazisha. Shimo lilifukiwa, na kilima nacho kikaondoka. Niliona ni biashara nzuri, kwa kuwa sikuwa na haja ya kilima.

Mwaka wa pili wa dawa, Baba Otieno alianguka akipiga pasi shati la kanisani, na hakuinuka.

Kwetu mjane hulia, tena kwa sauti, na boma zima humsikiliza. Mimi nilihesabu viti. Vilikuwa mia mbili na kumi na viwili, nikarudia, vikawa vilevile. Wifi yangu mkubwa, dada wa marehemu, alinijia sauti ikiwa imemkauka kwa kilio.

"Mama Otieno, ndugu yangu amelala pale. Wewe unahesabu viti?"

Nilimpenda mume wangu, nilijua nampenda, na uzito ulikuwepo. Uliishia kooni. Niliyatafuta machozi kama unavyopapasa mfuko ulio kwenye nguo uliyoivaa jana. Nilisikia mtu akinong'ona kwamba mwenye macho makavu ana jambo analolificha.

Baada ya mazishi niliamua kuacha dawa, palepale, bila kumwambia mtu. Ni kosa ambalo ningemgombeza mgonjwa yeyote kwa kulifanya. Siku ya nne kichwa kilianza kupiga kama waya ulioguswa na umeme, kila nilipogeuza macho. Wiki ilipoisha nilisimama na trei nikihesabu dawa za mzee mmoja wa presha. Hamsini na sita. Nikarudia: sitini na moja. Kwa mara ya kwanza maishani nilihesabu mara mbili nikapata hesabu mbili.

Mfamasia Mkuu, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba ambaye ndiye aliyenipa vidonge vyangu kila mwezi, aliniondolea trei mkononi.

"Umeacha dawa lini?"

"Wiki jana."

"Kwa nini?"

"Nataka kumlilia mume wangu."

Aliiweka trei mezani. "Dawa hii haikatwi, inashushwa, ngazi kwa ngazi. Nenda kwa daktari, mwambie kuhusu machozi. Umewahi kumwambia?"

Sikuwahi. Nilikuwa nimeshajiambia nitazoea.

Daktari alinirudisha kwenye dozi, kisha akanishusha taratibu kwa miezi hadi nikaiacha. Kichwa kilitulia, trei nikarudishiwa. Machozi hayakuja. Nilistaafu macho yangu yakiwa makavu hata wakati wa hotuba ya kuniaga, ingawa hotuba ile haikustahili machozi.

Sasa nina muda, na ninaporudia hesabu ya miaka ile, vidonge viko sawa. Kilichopungua ni swali moja pale dirishani: "Na wewe, dawa hii imekuchukulia nini?" Muulizeni mgonjwa. Foleni itangoja.

Mwezi uliopita nilikwenda Muhuru Bay, nikidai nafuata omena. Nilimkuta Mama Awuor juu ya nyavu zake, amezeeka, mdomo mzima.

"Daktari wa nzima kila siku," alisema. "Unanunua au unahesabu?"

"Nimekuja kukuambia ulikuwa na haki. Nilipaswa kukurudisha kwa Inchaji."

"Nilijirudisha. Alinipunguzia, nikapona. Yule mtoto sasa ana watoto watatu wa kunisumbua." Alijaza goro-goro, ule mkebe wa kupimia. "Haya, toa pesa."

"Ongeza. Hii ina mchanga."

"Mchanga uko wapi?"

"Nakuambia, Baba Otieno hataki yenye mchanga. Akipata punje moja ataiweka pembeni mwa sahani na kunihesabia..."

Nikasikia nilichosema. Hataki. Ataiweka. Nikashika ukingo wa kichanja, na kile kilichokaa kooni miaka yote kikapanda, kikanitoka kwa sauti, mbele ya soko zima.

"Usimwongezee huyo," jirani yake alisema. "Hiyo ni mbinu ya bei."

Mama Awuor aliongeza kiganja kimoja cha omena. Akaniangalia, akaongeza cha pili. Kisha akanisogezea kigoda, akanipa pindo la leso yake, akaendelea kuwahudumia wateja huku mimi nikilia.

Hakuniambia nitazoea.