Kadi ya Sita ya Mwalimu Likwata

Kwa miaka mingi, kila mkasa huu ulipotajwa mezani, nilijitetea kwamba sikujua, kwamba mimi nilikulia Dar es Salaam na mila za kwetu kusini zilinipita pembeni. Leo nasema kweli. Nilijua, na kama kuna mtu aliyekuwa na kila sababu ya kujua ni mimi, maana nilichezwa unyago Kiranjeranje, nyuma ya nyumba ya bibi yangu mzaa baba, na siku niliyotolewa nje nilipewa jina jipya, lile la utotoni likazikwa, na shangazi zangu wakanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni kuvuka barabara, kwamba atakayeniita tena lile la zamani amenitukana, na mimi nikimwita mtu mzima jina lake la utotoni nimemtukana yeye pamoja na waliomzaa. (Hayo sikuyasoma chuo kikuu, na nadhani ndiyo sababu niliyaona madogo.)

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, watu wazima wakienda kwenye madarasa ya kisomo wakiwa na daftari kwapani, na mimi na shahada yangu ambayo wino haujakauka nilipangiwa kazi katika maktaba moja ndogo pale Lindi, vyumba viwili na feni iliyozunguka ikijisikia. Mkuu wangu, Bwana Mtimbuka, mwembamba, kalamu tatu mfukoni, alikuwa amepelekwa mafunzoni ng'ambo akarudi na imani moja: mwandishi ni mtu mmoja, basi katika kabati la kadi awe na jina moja rasmi, na vitabu vyake vyote vikae chini ya jina hilo, na kila jina jingine alilowahi kulitumia liwe na kadi yake ndogo yenye neno "Tazama" ya kumwelekeza msomaji kwenye lile rasmi. Naambiwa siku hizi kazi hiyo inafanywa kwa kompyuta. Sisi tuliifanya kwa taipureta ambayo herufi ya R ilikuwa inaruka.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kukiri. Na mtu aliyenipa raha zaidi ni Mwalimu Athumani Likwata wa Kilwa, mwalimu mstaafu, mwandishi wa vijitabu vya kilimo cha korosho na habari za zamani, kwa sababu mzee huyu kila kijitabu alikitia jina tofauti. Hapa ni A. Likwata, pale ni Athumani bin Issa, baada ya kwenda Makka akawa Alhaji Athumani, na gazetini alikuwa akijiita Mzee wa Singino, hivyo kabla sijafika vitabu vyake vilikuwa vimetawanyika katika droo nne na hakuna aliyejua kwamba ni vya mtu mmoja. Nikamkusanya. Kadi moja rasmi, kadi nne za "Tazama", jumla tano, na Bwana Mtimbuka akaziangalia akasema, "Huyu sasa amepatikana." Sifa zikanilevya, nikaanza kutafuta ya sita.

Dada yake mkubwa, Bi Somoe, alikuwa anakaa Mtanda, si mbali na kazini. Nikamwendea na mkate wa kumimina, tukazungumza, na katika kuzungumza akanisimulia jinsi mama yao alivyozika watoto watatu mfululizo, ikabidi huyu wa nne, ili asitamaniwe na mauti, akalazwe jalalani asubuhi na mapema na jirani aje amwokote kana kwamba hana mwenyewe, ndipo akaitwa Jalala. Papo hapo akaziba mdomo kwa upande wa kanga.

"Usilitaje hilo, mjukuu wangu," akasema. "Lilizikwa jandoni."

Nikamwitikia kwa adabu zote, na chini ya meza mkono wangu ulikuwa tayari unaandika. Kitabu cha kanuni kilisema kila jina alilowahi kuitwa mwandishi. Hakikusema isipokuwa lililozikwa. Kesho yake nikapiga taipu kadi ya sita, nikaichomeka kwenye droo ya J, nikajiona nimeitendea haki elimu.

Sasa, Mwalimu Likwata alikuwa na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na daftari alizojaza maisha yake yote ya ualimu, masimulizi ya wazee wa Kilwa, wengi wao wameshakwenda, na nakala ilikuwa hiyo hiyo moja, na mchwa wa Kilwa mnawajua. Bwana Mtimbuka alikuwa amembembeleza kwa barua mwaka mzima hadi mzee akakubali kuzileta maktaba, ikapangwa sherehe ndogo, mgeni rasmi kutoka wilayani, wanakisomo kwenye mabenchi, kipaza sauti cha kuazima. Mwalimu akafika kwa basi akiwa na kanzu iliyopigwa pasi ikakatika mikunjo, sanduku lake miguuni. Kabla ya kuanza tulikunywa chai naye, akaniuliza ubini wangu, nikasema Nangumbi, akasema, "Nangumbi wa Kiranjeranje? Nimefundisha kule." Nikafurahi kujulikana.

Hotuba zikapita salama. Halafu mgeni rasmi akataka kuona kama kisomo kimeshika, akaomba mwanakisomo mmoja atusomee chochote kutoka kwenye kabati letu. Akainuka Mama Jamila, muuza maandazi wa sokoni, na mimi (hakuna aliyeniuliza) nikamwambia achague droo yoyote aipendayo. Akachagua ya J, kwa sababu ni herufi ya mwanawe na ndiyo aliyoizoea. Akachomoa kadi, akaisogeza mbali na macho, akasoma mbele ya kipaza sauti, silabi moja moja kama mtu anayepanda ngazi mpya:

"Ja-la-la. Ta-za-ma. Li-kwa-ta, A-thu-ma-ni."

Watu wakampigia makofi, maana amesoma bila kukosea. Mkasa ungeweza kuishia hapo. Waliofahamu wangejifanya hawakufahamu, Mwalimu mwenyewe alikuwa akitazama dirisha kama asiyesikia, na Mama Jamila alikuwa anarudi kwenye benchi lake akitabasamu. Lakini mgeni rasmi, mtu wa bara, akauliza jalala linafanya nini maktaba, na badala ya kusema ni kosa la taipu nikasimama, nikashika kipaza sauti, nikaeleza. Nikaeleza jina la utotoni. Nikaeleza kuhusu jirani aliyemwokota. Nikaeleza kanuni, na faida ya kanuni kwa taifa changa. Nilikuwa nimefika kwenye faida ya tatu ndipo nikaona kwamba wazee wote wa mstari wa nyuma wameshavaa viatu.

Mwalimu Likwata akainuka taratibu, akawaomba vijana wawili wamshikie sanduku, akanijia karibu kiasi cha mimi tu kumsikia.

"Mwanangu, wewe umechezwa?"

Na hapa ndipo penye aibu yangu hasa, kuliko kadi. Nilimtazama usoni nikasema, "Hapana, Mwalimu. Mimi nimekulia Dar."

Akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kama angenizaba kibao. Sanduku likatoka mlangoni, likapandishwa juu ya basi la Kilwa. Bi Somoe alikuwepo, alinipita bila kunitazama, na kwa muda mrefu baadaye kila tukikutana sokoni alikuwa anakumbuka kitu upande wa pili.

Bwana Mtimbuka hakufoka. Alinyoosha kalamu zake mfukoni akasema kwamba daftari zile zikiliwa na mchwa, jina langu litaingia katika ripoti yake, nalo halitahitaji kadi ya kulielekeza popote. Nikaandika barua ya kuomba radhi, kimya. Nikaandika ya pili, kimya. Kadi ya sita niliitoa siku ile ile nikaichana vipande vidogo, kisha nikaviokota vyote nikavichana tena.

Kitu nisichokijua ni kwamba siku ile basi lilipofika Kiranjeranje, Mwalimu aliteremka na sanduku lake, akaulizia nyumba ya kina Nangumbi, akaenda kumpa bibi yangu pole. Pole ya kwamba mjukuu wake amekulia mjini hadi amekuwa mtu mzima hajafundwa, na kwamba hata sasa hawajachelewa, wakusanyike wamtafutie kungwi. Bibi yangu, aliyekesha siku za unyago wangu na kuchinja mbuzi wake mwenyewe, aliniita mwongo kwa Kimatumbi, kisha kwa Kiswahili ili mgeni naye afaidi. Halafu akamwekea chai, na wakakaa wakizungumza hadi basi la pili.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja maktaba imejaa, wanafunzi wa sekondari, karani wa mahakama na gazeti lake, Mama Jamila aliyekuja kusoma droo nyingine, simu ya mezani ikalia. Bwana Mtimbuka akapokea. Opereta akamwambia ni Kilwa Masoko, dakika tatu, akae tayari. Nikaona anasimama wima, anasema shikamoo, anasikiliza, anakunja uso. Akaziba simu kwa kiganja, akageukia chumba kizima, akauliza kwa sauti ya kutafuta mtu aliyeacha baiskeli vibaya:

"Nani hapa anaitwa—"

Akalitaja. Lile langu, lililozikwa Kiranjeranje nyuma ya nyumba ya bibi, ambalo hakuna aliyelitamka mbele yangu tangu nikiwa mwali. Siliandiki hapa, na sitaliandika popote. Itoshe kwamba wanafunzi wa sekondari walicheka hadi mmoja akalazimika kwenda nje.

"Hayupo?" akasema Bwana Mtimbuka. "Mwalimu anasema anataka kuzungumza na huyo tu. Kama hayupo, anakata, na sanduku tulisahau."

Chumba kikatazamana. Nilifikiria kutazama dirisha, kama yeye siku ile. Kisha nikaiacha kalamu, nikanyoosha mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ni mimi," nikasema.

Nikatembea kati ya meza zote hadi kwenye simu. Safari ile ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu mara nyingi baadaye.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Nikasikia anavuta pumzi, na nyuma yake mtu wa posta akigonga mihuri. "Ulichezwa?"

"Nilichezwa, Mwalimu."

"Sanduku linapanda basi Alhamisi," akasema. "Lipokee mwenyewe." Na simu ikakatika, dakika nzima ikiwa bado imebaki.