Ngitili ya Wanafunzi

Mpaka leo nikisikia mtu anaita ardhi "pori tupu", damu inanichemka. Tupu kwa nani?

Nilikuwa kiranja wa mazingira katika shule ya sekondari ya bweni nje ya mji wa Sumbawanga, enzi zile za ruksa, kila kitu kilipokuwa ruksa kwa mwenye nacho. Nyuma ya mabweni kulikuwa na bonde la shule lenye chemchemi tuliyoitegemea kwa maji ya kunywa. Ng'ombe walikuwa wamelikanyaga likabaki tope. Wengi wao walikuwa wa baba yangu, na wenzangu, watoto wa wakulima wa mahindi na ulezi, hawakuacha kunikumbusha. "Kiranja, waambie ndugu zako wasinye kwenye maji yetu," walisema, na si wote waliokuwa wanatania.

Nikaenda kwa baba. Sisi tulihamia huku Ufipa kutoka Usukumani, na kwetu kuna ngitili: malisho yanayofungwa masika yote, mnyama asiingie, ili majani yakue yaje kuokoa mifugo kiangazi. Nilimwomba tulifunge bonde kwa mtindo huo. Wanafunzi tungelinda, naye angeleta ng'ombe kiangazi kikikaza, awanyweshe mbali na chemchemi. Mkuu wa shule alikubali mbele yetu wote. Baba alinitazama, akacheka kwa fahari.

"Haya, kiongozi. Umesema."

Masika yote aliswaga ng'ombe mbali, huko mteremkoni, akirudi nyumbani amelowa chapachapa. Sisi tulipanda miti kuzunguka chemchemi, tukapeana zamu za ulinzi. Mvulana aliyekuwa akinicheka kuliko wote akawa mkali kuliko wote, hata mbuzi wa walimu aliwatimua. Majani yalitufika kiunoni. Maji yakawa maangavu. Nilijivuna, sioni sababu ya kuficha.

Na hilo ndilo lililotuponza. Bonde lilipojaa kwato na tope hakuna aliyelitaka. Tulipolitunza, likaonekana halina mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuja na gari lake, akasimama ukingoni na mkuu wa shule, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ardhi nzuri namna hii mmeilaza bure?"

Nilikuwa karibu, nikasema hailali bure, tunaitunza. Mkuu akaniambia nirudi darasani, watu wazima wanaongea.

Mvua zilipokatika, udongo ungali na unyevu, trekta la yule mfanyabiashara likaja. Lililima mpaka chemchemini, miti yetu ikafukiwa pamoja na majani. Tukagoma kuingia darasani. Kesho yake nikavuliwa ukiranja mstarini, na mkuu akatuhutubia kuhusu utii. Utii! Mtu aliyevunja ahadi yake mchana kweupe.

Hakuna aliyempelekea baba habari, na mimi sikuruhusiwa kutoka shuleni. Kiangazi kilipokaza alikuja kama tulivyopatana, na ng'ombe waliokonda mbavu nje. Nilimkuta amesimama mbele ya mabonge ya udongo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakugeuka. "Mkuu wako si alikubali?"

"Alikubali, baba."

"Na wewe si ulikuwa kiongozi?"

"Ndiyo, baba."

"Sasa ulikuwa unamwongoza nani?"

 Ng'ombe walikuwa wameanza kulamba udongo.