Shikamoo Iliyonikosesha Timu ya Taifa

Nilicheza kandanda miaka kumi na minne, na anayeniuliza habari zake humjibu kwa kirefu mpaka ajute kuuliza. Lakini kwa kifupi, maisha yangu yote ya uwanjani ni dakika moja, na dakika yenyewe sikupiga mpira.

Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya, nami nilikuwa senta fowadi wa kijiji chetu, Gazi. Sukari ya dukani ilikuja imefungwa kwa gazeti kuukuu, na siku moja nikaona humo picha ya mshambuliaji wa visiwa vya Karibea, yuko hewani, mweusi kama mimi, mtoto wa pwani na minazi kama sisi. Basi nikajitangaza kuwa ndiye mimi. Nikawa natembea nimetanua miguu hata nikitumwa maji. Mama akadhani nina jipu.

Ikaja habari kwamba bwana mmoja wa Mombasa atatutazama tukicheza na Mkwiro, naye anatafuta senta fowadi wa timu ya taifa. Mmoja tu. Niliitaka ile nafasi hata chakula hakikunipita kooni. Nikaazima viatu vya karani wa Msambweni, vikubwa, nikavijaza makumbi ya nazi, na wasichana nikawaaga kabisa, maana mimi sasa ni mtu wa kupanda ndege.

Karibu na mwisho hakuna aliyefunga. Hapo mlinda mlango wa Mkwiro akateguka kidole. Hawakuwa na mwingine, wakamtoa mtu miongoni mwa waliokuja kuwashangilia. Mimi nilikuwa mbali, nimeinama nafunga viatu, sikumwangalia.

Mchezo ukaendelea, nikaupata mpira katikati. Nikampita wa kwanza, wa pili akaanguka mwenyewe. Mbele yangu kabakia golikipa tu. Nikainua macho nichague pembe. La haula! Golini kasimama maalim wangu wa chuoni, aliyenisomesha Kurani tangu alifu, kabla hajahamia Mkwiro kwa mkewe. Kanzu kaikunja kiunoni, kofia iko kichwani.

Sasa, sisi tulifunzwa kwa fimbo ya henzerani: ukikutana na maalim nawe umebeba kitu, kwanza kitue, ndipo umwamkie, umbusu mkono. Na mara nyingi kitu chenyewe kilikuwa chake, samaki au nazi alizopelekewa na mama zetu. Mguu wangu, bila kuniuliza, ukautuliza mpira. Nikanyoosha mkono.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu." Akanipa mkono wa kulia niubusu. Kwa wa kushoto akauokota mpira, akawarushia wenzake.

Nilikuwa bado nimeinama Mkwiro walipotufunga kule upande wa pili.

Bwana wa Mombasa akakunja karatasi yake. Aliuliza, nikaambiwa, kama mimi ni mchezaji au mgeni wa heshima. Kwa miezi watu wa Gazi walinibusu mkono kila nilipogusa mpira. Nilicheka nao, kisha nyumbani nikalia, wallahi, nikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Miaka ikapita. Maalim akalazwa hospitali Msambweni, nikaenda kumjulia hali. Nikamwamkia, nikambusu mkono, naye akaushika wangu asiuachie.

"Siku ile," akasema, "nilipokuona unakuja nilimwomba Mungu ufunge. Nikasogea pembeni makusudi. Nilitaka niseme mpaka kufa kwangu: yule wa timu ya taifa ni mwanafunzi wangu, na mimi mwenyewe alinifunga."

Nikamuuliza, "Kwa nini basi ukauchukua mpira, maalim?"

"Si uliutua mbele yangu? Nikadhani umeniletea."

Tukacheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Alipoondoka, maalim alikuwa bado ameushika mkono wangu, na mimi sikutaka auachie.